Charles Goodyear: Muuza vyuma aliyefilisika akiutafutia mpira dawa

Kila fundi wa baiskeli, awe Shinyanga au Busia, anajua kwamba kiraka hakikai kwenye tyubu isiyopigwa msasa. Mwenye gambuti lililopasuka naye anajua kwamba gundi ya dukani inaweza kushika jioni na kubanduka asubuhi, tena katikati ya jaruba la mpunga. Usumbufu huo una mwanzo, na mwanzo wake una jina la mtu: Charles Goodyear, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 29 Desemba 1800 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Jina lake limeandikwa kwenye matairi duniani kote. Hata hivyo hakuwahi kumiliki kampuni yenye jina hilo, hakuona tairi la gari maishani mwake, na alipofariki alikuwa akidaiwa takriban dola 200,000.

Baba yake, Amasa Goodyear, alikuwa mtengenezaji na muuzaji wa vifaa vya chuma, vifungo vya nguo na zana za shamba. Miongoni mwa bidhaa zake ulikuwamo uma wa kukusanyia nyasi kavu, uliotengenezwa kwa chuma cha pua chenye kunesa, badala ya zile uma nzito zilizowachosha wakulima. Charles alikulia katika biashara hiyo. Alipofikia miaka 17 hivi alipelekwa Philadelphia kujifunza uuzaji wa vifaa vya chuma, na mwaka 1821 alirudi nyumbani kuwa mbia wa baba yake. Agosti 1824 alimwoa Clarissa Beecher, mwanamke ambaye angestahili makala yake mwenyewe kwa yale aliyoyavumilia.

Mwaka 1826 Charles na mkewe walihamia Philadelphia wakafungua duka la vifaa vya chuma vilivyotengenezwa Marekani kwenyewe. Wakati huo wateja wengi waliamini kwamba kitu cha maana lazima kitoke Uingereza, kwa hiyo duka la aina hiyo lilikuwa jambo la kuthubutu. Biashara ilichangamka. Kilichoiua si ukosefu wa wateja bali daftari la madeni. Goodyear alikopesha mno, wateja hawakulipa, naye alikuwa amechukua bidhaa kwa mkopo. Kufikia mwaka 1830 duka lilikuwa limeanguka. Wenye maduka ya rejareja wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sheria za Marekani za miaka hiyo zilimruhusu mdai kumfunga mdaiwa gerezani. Goodyear angeweza kujitangaza mufilisi na kuanza upya, lakini kufanya hivyo kungemlazimu kuwakabidhi wadai haki za vitu alivyokuwa amevibuni na bado hajavikamilisha. Alichagua kuyabeba madeni. Uamuzi huo ulimpeleka gerezani mara kwa mara kwa miaka mingi, na ni vigumu kusema kama ulikuwa wa busara. Aliotaka kuwalipa walisubiri, na watoto wake walilala njaa.

Mpira ulionuka na kuyeyuka

Mwaka 1834, akiwa New York, Goodyear aliingia katika duka la kampuni ya mpira ya Roxbury, iliyokuwa na kiwanda chake karibu na Boston. Aliona boya la kujiokolea majini lenye vali mbovu ya kujazia hewa. Akaenda kubuni vali iliyo bora, akarudi nayo akitumaini kuiuza. Msimamizi wa duka aliipenda kazi hiyo, lakini akamweleza ukweli wa biashara yao: tatizo halikuwa vali. Tatizo lilikuwa mpira wenyewe.

Miaka michache kabla ya hapo mpira ulikuwa homa kubwa ya kibiashara huko Massachusetts. Wafanyabiashara wa pwani ile, wale wale ambao meli zao kutoka Salem zilileta kitambaa cha merikani Zanzibar na kuondoka na sandarusi na pembe za ndovu, walikuwa wakiingiza viatu vya mpira kutoka Brazil. Viatu havikupitisha maji, watu wakavipenda, viwanda vikafunguliwa. Wenye fedha waliweka mitaji yao humo. Lakini majira ya joto yalipofika, viatu, makoti na mifuniko ya mikokoteni viligeuka uji wenye kunata na kunuka. Majira ya baridi yalipofika, bidhaa zile zile zilikakamaa na kupasuka. Wateja walirudisha mali kwa maelfu, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na aliyetaja neno mpira mbele ya mwenye benki alionekana tapeli.

Waingereza walikuwa wamejaribu kulizunguka tatizo hilo. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alipata hataza ya kuyeyusha mpira kwa nafta iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, kisha kuupaka katikati ya vitambaa viwili. Ndiyo asili ya koti la mvua. Kwa kweli alichotengeneza Macintosh kilikuwa gundi: mpira mbichi uliolainishwa kwa kiyeyushi, ukapakwa, kiyeyushi kikaruka hewani, mpira ukabaki umevishika vitambaa viwili. Solusheni iliyomo ndani ya kile kitubu kidogo cha fundi baiskeli ni mjukuu wa dawa hiyo. Katika hali ya hewa ya Uingereza kitambaa kile kilivumilia kiasi. Katika joto la Marekani hakikufaa.

Inafaa kueleza hapa kwa nini. Utomvu wa mti wa mpira una nyuzi ndefu sana, ndogo zisizoonekana kwa macho, zilizolaliana kama tambi zilizochemshwa ndani ya sufuria. Hazikufungamana. Ukiupasha joto, nyuzi zinateleza, mpira unalegea na kunata. Ukiupoza, zinakakamaa. Lakini ulegevu huo una faida moja ambayo mafundi wa siku hizi wangeitamani: vipande viwili vya mpira mbichi vilivyo safi vikibanwa pamoja vinaungana vyenyewe, kwa sababu nyuzi za huku zinaingia katikati ya nyuzi za kule. Mpira wa kabla ya Goodyear haukuhitaji gundi. Ulishika mno, ukashika kila kitu hata visivyotakiwa.

Miaka mitano ya kubahatisha

Goodyear hakusomea kemia. Aliporudi Philadelphia alikamatwa kwa deni, na ni gerezani ndiko alikoanzia majaribio, baada ya mkewe kumpelekea mpira mbichi na kifimbo cha kusukumia unga. Bei ya mpira ilikuwa imeanguka, kwa hiyo hata mfungwa aliweza kuupata. Aliukanda kwa mikono kama mtu anayekanda unga wa chapati, akichanganya na kila unga mkavu uliopatikana. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama mpira unanata, basi unga mkavu utaukausha.

Unga wa magnesia ulionekana kufanya kazi. Akiwa na mkewe na watoto jikoni, alitengeneza mamia ya viatu. Joto lilipofika, vikayeyuka. Akajaribu kuchemsha mpira pamoja na magnesia katika maji ya chokaa. Ukawa laini usionata, akapewa hata medali kwenye maonyesho. Kisha ikagundulika kwamba tone moja la siki lilitosha kuufanya unate tena. Akajaribu asidi ya nitriki kuondoa rangi kwenye kipande kilichopambwa, akakitupa kilipogeuka cheusi, halafu akakumbuka kwamba kilikuwa laini na kikavu kuliko vyote alivyowahi kushika. Mwaka 1837 alipata hataza ya njia hiyo ya asidi na mbia wa kumpa mtaji. Mwaka huo huo msukosuko wa kifedha uliikumba Marekani, mbia akaporomoka, na familia ya Goodyear ikajikuta ikiishi katika kiwanda kilichoachwa huko Staten Island, ikitegemea samaki waliovuliwa pale pwani.

Asidi ilikuwa imekausha ngozi ya juu tu. Ndani mpira ulibaki vile vile. Hilo lilijulikana kwa aibu kubwa baada ya serikali kuagiza mifuko 150 ya posta. Goodyear, aliyekuwa amehamia Massachusetts, aliitengeneza, akaitundika katika chumba chenye joto na kusafiri na familia yake. Aliporudi aliikuta imelegea na kuharibika. Gazeti zima lisingetosha kueleza maneno aliyoambiwa na ndugu na marafiki waliokuwa wamemkopesha.

Jambo moja jema lilitoka huko. Katika kiwanda cha Woburn alikutana na Nathaniel Hayward, fundi aliyekuwa akinyunyizia mpira salfa na kuuanika juani. Ni salfa ile ile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanapulizia mikorosho yao kuzuia ubwiri unga. Mpira wa Hayward ulikuwa mkavu juu, basi. Goodyear alinunua haki ya njia hiyo mwaka 1839 bila kujua vizuri amenunua nini.

Majira ya baridi ya mwaka huo huo, huko Woburn, kipande cha mpira uliochanganywa na salfa na rangi nyeupe ya madini ya risasi kiligusa jiko lililowaka. Simulizi za namna kilivyofika jikoni ni nyingi, nyingine zimepambwa, na hazina umuhimu. Mtu mwingine angetarajia kuona kipande kikiyeyuka na kuchafua jiko. Hiki kiliungua kama ngozi ya kiatu. Kilibabuka lakini hakikuyeyuka, na kando ya sehemu iliyobabuka kulikuwa na ukingo mwembamba uliokuwa umeiva sawasawa: haukunata na ulinesa. Goodyear alikipigilia kipande hicho nje ya mlango kwenye baridi kali usiku kucha. Asubuhi kilikuwa laini kama jana.

Walio jirani naye hawakushangaa hata kidogo. Walikuwa wamesikia kwa miaka mitano kwamba dawa imepatikana. Na kwa kweli kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, kwa kuwa alijua joto linahitajika lakini hakujua ni kiasi gani wala kwa muda gani. Likizidi mpira unaungua, likipungua unabaki mbichi. Alioka vipande katika jiko la mkewe baada ya mikate kutoka, akavichemsha ndani ya birika, akavibana kwa pasi, akawasihi wenye viwanda vya jirani wamwachie tanuri zao baada ya saa za kazi. Hatimaye alifikia njia ya mvuke wenye mgandamizo, kiasi cha nyuzi joto 132 za Selsiasi, kwa saa 4 hadi 6.

Kati ya jiko na mvuke kulikuwa na miaka ya dhiki ambayo si rahisi kuisoma. Samani ziliuzwa. Vitabu vya shule vya watoto viliuzwa. Katika dhoruba ya theluji Goodyear, akiwa mgonjwa, alitembea maili kadhaa kumfuata mtu ambaye hawakuwa na udugu ila aliwahi kumsemesha kwa wema, na mtu huyo akamkopesha chakula na fedha. Inasimuliwa kwamba safari nyingine alikwenda Boston kuomba mkopo wa dola 50, akakosa, akatiwa ndani kwa bili ya hoteli ya dola 5, na aliporudi nyumbani alikuta mwanawe mdogo amekufa, wakampeleka makaburini kwa gari la kuazima kwa kukosa fedha za mazishi. Si huyo peke yake. Kati ya watoto waliozaliwa katika nyumba hiyo kadhaa walizikwa wakiwa wadogo. Shemeji yake aliyekuwa na kiwanda cha sufu, William De Forest, ndiye aliyeingiza makumi ya maelfu ya dola hadi kazi ikakamilika. Tarehe 15 Juni 1844 Goodyear alipewa hataza ya Marekani namba 3633.

Kwa nini mpira uliopikwa haushikiki kirahisi

Kile kilichotokea juu ya jiko kinaelezeka leo. Salfa ikipata joto inafunga mafundo kati ya uzi na uzi. Tambi za kwenye sufuria zinageuka wavu wa mvuvi: unaweza kuuvuta, ukiuachia unarudi, lakini huwezi kuchomoa uzi mmoja. Ndiyo maana mpira uliopikwa hauyeyuki kwa jua na haukatiki kwa baridi. Na ndiyo maana hauungani wenyewe kwa wenyewe. Kiyeyushi kinachogeuza mpira mbichi kuwa gundi kinaufanya mpira uliopikwa uvimbe tu, kisha unarudi ulivyokuwa. Gundi ikipakwa juu yake haipati pa kuingilia, inakaa juu kama rangi juu ya sahani.

Kwa hiyo kazi ya fundi ni kuifungulia gundi mlango. Kwanza aujue mpira wenyewe, kwa sababu mengi yanayoitwa mpira si mpira. Sindano iliyopashwa moto inatosha: ikigusa kona iliyofichika ya gambuti na kona ikayeyuka, hiyo ni plastiki ya PVC, na gambuti nyingi za bei nafuu ni za aina hiyo. Solusheni ya tyubu haitaisaidia. Inahitaji gundi ya PVC au ya poliurethani. Mpira wa kweli hautayeyuka kwa sindano, kama vile kile kipande cha Woburn kilivyokataa kuyeyuka. Mtihani huo ufanyike penye hewa, maana moshi wa PVC ni mbaya kwa kifua.

Tyubu na gambuti za mpira wa kweli zinapigwa msasa mpaka ule mng'ao uishe na rangi iwe ya vumbi. Tyubu mpya ina unga na nta ya kiwandani juu yake, na tyubu kuukuu ina mafuta ya mnyororo. Vyote vinazuia gundi. Wengi wanafuta kwa petroli. Petroli ina viungo vinavyoacha utando, bora spiriti safi au kile kiyeyushi kinachouzwa pamoja na viraka. Gundi ipakwe nyembamba, ipite ukingo wa kiraka, kisha iachwe. Hapa ndipo papara inapoharibu kazi. Kiraka kikibandikwa gundi ikiwa bado mbichi, kiyeyushi kinafungiwa ndani, na kiraka kitacheza kama kiatu kisicho na kamba. Dakika 5 hadi 10, mpaka kidole kikigusa kisilowe, ndipo kiraka kibandikwe na kukandamizwa kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni. Viraka vya dukani vyenye utando mwekundu au wa rangi nyingine chini yake vina mpira ambao haujapikwa kabisa pamoja na dawa ya kuuivisha taratibu. Vinashika kuliko kipande kilichokatwa kwenye tyubu ya zamani, ambacho nacho kimeshapikwa na kinahitaji msasa pande zote.

Mafundi wa matairi wanaotumia kibanio cha moto wanarudia kazi ya Goodyear moja kwa moja: wanaweka mpira mbichi juu ya jeraha, wanaubana na kuupika papo hapo hadi uwe kitu kimoja na tairi. Hakuna gundi inayoshinda hiyo.

Kwa soli na gambuti, gundi ya fundi viatu ya njano, inayotokana na mpira wa kiwandani uitwao neopreni uliogunduliwa Marekani mwaka 1930, ni bora kuliko solusheni. Inapakwa pande zote mbili, inaachwa ikauke, kisha zinakutanishwa mara moja, hakuna kusogeza. Gundi ya tone ya kukauka haraka inaunga vizuri pete ya mpira iliyokatwa wima, lakini ikikauka ni ngumu kama kucha, ikiwekwa kwenye gambuti inapasuka hatua ya kumi.

Kuna mipira isiyostahili kupotezewa muda. Mpira wa silikoni unashikwa na gundi ya silikoni tu. Mipira myeusi ya kuzuia vumbi milangoni mwa magari, inayotengenezwa kwa aina inayoitwa EPDM, inakataa karibu gundi zote za kawaida bila dawa ya kuandaa uso. Mabomba meusi ya umwagiliaji wa matone si mpira, ni politini, na hayashiki gundi. Yakatwe na kuwekewa kiungio. Mpira wa maji wenye mgandamizo nao ukatwe penye tundu na kuunganishwa kwa kiungio na klipu. Na washa ya bomba la mgongoni la kupulizia dawa isiungwe kwa gundi hata kama mwenye duka anasema inawezekana. Bei ya washa mpya ni ndogo, na kinachovuja ni sumu inayoshuka mgongoni.

Jina Uingereza, kesi Trenton

Goodyear alikuwa na ugunduzi uliotafutwa na nchi zote za viwanda, na hakuwa na fedha za kuulinda. Mwaka 1842 vipande vya mpira wake vilifika Uingereza mikononi mwa Stephen Moulton, aliyekuwa akitafuta wanunuzi wa siri hiyo. Vipande viwili vitatu vilimfikia Thomas Hancock, mtengenezaji mpira mzoefu wa London na mshirika wa Macintosh. Hancock aliona unga wa njano juu ya kipande, akatambua salfa, akafanya majaribio yake, na Novemba 1843 akawasilisha maombi ya hataza. Goodyear aliomba hataza ya Uingereza Januari 1844, akiwa amechelewa kwa wiki chache. Rafiki wa Hancock, William Brockedon, ndiye aliyetoa jina la vulkanizesheni, kutoka kwa Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale. Hata jina la kazi ya Goodyear lilitolewa na upande wa mshindani wake.

Nyumbani alikuwa na hataza lakini waliibeza. Kesi kubwa ilikuwa dhidi ya Horace Day, mtengenezaji aliyekuwa akitumia njia hiyo bila kulipa. Ilisikilizwa Trenton, New Jersey, mwaka 1852. Wenye viwanda waliokuwa na leseni za Goodyear walimkodi Daniel Webster, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule ule, kwa dola 15,000. Webster alishinda, na miezi michache baadaye akafariki. Goodyear alibaki na heshima. Faida ilikwenda zaidi kwa wenye leseni, kwa sababu katika miaka ya njaa alikuwa ameuza haki kwa bei ya kutupa ili kununua mkate na mpira wa majaribio.

Fedha alizopata hazikukaa. Kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 alitumia dola 30,000 kujenga ukumbi ambao kuta, samani na mapambo yake yote yalikuwa ya mpira. Clarissa alifariki mwaka 1853 wakiwa Ulaya, na mwaka uliofuata Goodyear alimwoa Fanny Wardell, Mwingereza. Mwaka 1855 alirudia maonyesho hayo Paris kwa dola 50,000. Hataza yake ya Ufaransa ilipofutwa, malipo aliyoyategemea yakakatika, na Desemba mwaka huo akafungwa katika gereza la wadaiwa la Clichy. Huko gerezani ndiko mwanawe alikompelekea nishani ya Legion of Honour iliyotolewa na Mfalme Napoleon wa Tatu.

Mwaka 1858 serikali ya Marekani iliongeza muda wa hataza yake kwa miaka 7, jambo lililompa nafuu ya muda. Lakini afya yake ilikuwa imeharibika. Miaka 25 ya kuvuta mvuke wa risasi, asidi na viyeyushi katika vyumba visivyo na madirisha ya kutosha haikuweza kumwacha salama. Fundi yeyote anayepaka gundi chumbani huku mlango umefungwa ayakumbuke mapafu yake. Mwishoni alitembea kwa magongo. Katikati ya mwaka 1860 alipata habari kwamba binti yake alikuwa mahututi New Haven. Alisafiri kwa meli hadi New York, na huko akaambiwa binti ameshafariki. Aliishiwa nguvu, akapelekwa hotelini, akafariki tarehe 1 Julai 1860 akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa New Haven, katika makaburi ya Grove Street.

Biashara kubwa ilikuja baada yake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake, na mahitaji ya mpira yakapaa. Kongo ya Mfalme Leopold ililipia mahitaji hayo kwa damu ya watu waliolazimishwa kugema mpira wa porini. Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira Tanga na kwingineko, wakapata faida miaka michache, kisha mwaka 1913 bei ikaanguka kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na wa bei nafuu.

Kampuni ya matairi ya Goodyear ilianzishwa mwaka 1898 huko Akron, Ohio, na Frank Seiberling, miaka 38 baada ya kifo cha mwenye jina. Seiberling alilichagua jina hilo kwa heshima tu. Hapakuwa na undugu wowote, na familia ya Charles Goodyear haikuwa na hisa.